Jinsi Sinapsi Zinavyojengeka na Kubadilika katika Ubongo wa Mtoto: Funzo la Mtoto wa Jicho

Mzee wa miaka 70 aliyepofuka kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji leo, na kesho yake, bandeji inapoondolewa, humtambua mjukuu wake aliyeketi kando ya kitanda. Mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa na ugonjwa uo huo katika macho yote mawili hufanyiwa upasuaji wa aina iyo hiyo, na huenda daktari akawa ni yule yule. Lenzi yenye ukungu huondolewa, lenzi safi huwekwa mahali pake, na mwanga hufika nyuma ya jicho bila kizuizi. Hata hivyo, bandeji inapoondolewa, mtoto huyu huona mwanga, rangi na vitu vinavyotembea, lakini hawezi kusoma maandishi ya ubaoni, na aghalabu hatapata kuona sawasawa na wenzake. Jicho limetengenezwa, kuona hakukuja.

Tofauti ya wagonjwa hawa wawili haimo katika jicho, bali imo katika ubongo. Mzee alijifunza kuona angali mchanga, kabla ukungu haujaingia, na ubongo wake uliyahifadhi mafunzo hayo kwa miaka yote ya giza. Mtoto hakuwahi kufundishwa. Makala haya yanaeleza jinsi viungo vidogo mno vya ubongo, viitwavyo sinapsi, vinavyojengeka, vinavyoimarika na vinavyoondolewa utotoni. Yanaeleza pia kwa nini mzazi wa mtoto mchanga mwenye doa jeupe machoni akiambiwa "subiri akue kwanza" huwa ameambiwa neno lenye madhara makubwa.

Sinapsi ni nini?

Ubongo wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli za neva, yaani nyuroni, zipatazo bilioni 86. Kila nyuroni ina mwili wake, matawi mafupi yanayopokea ujumbe yaitwayo dendraiti, na mkia mrefu unaopeleka ujumbe uitwao aksoni. Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba nyuroni zote zimeungana kama nyuzi za wavu mmoja. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, kwa kutazama kwa hadubini vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa njia iliyobuniwa na Mwitaliano Camillo Golgi, alionyesha kuwa kila nyuroni ni seli inayojitegemea, inayoikaribia nyingine pasipo kuungana nayo. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1906, ingawa Golgi mwenyewe hakuikubali rai ya mwenzake. Mahali hapo pa kukaribiana ndipo Mwingereza Charles Sherrington alipopaita sinapsi mwaka 1897.

Sinapsi inaweza kufananishwa na kivuko. Ujumbe husafiri katika aksoni kwa njia ya umeme hadi ukingoni. Hapo hukuta mwanya wenye upana wa takriban nanomita 20, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika sinapsi nyingi, umeme hauruki mwanya huo. Badala yake, vifuko vidogo vilivyo mwishoni mwa aksoni humwaga kemikali, na kemikali hiyo huvuka hadi ng'ambo, ambako hupokewa na protini maalumu ziitwazo vipokezi. Vipokezi vikiamka, nyuroni ya pili nayo huanza kuwasha umeme wake. Kila tulionalo, tulikumbukalo na tulisemalo hutegemea vivuko hivi, na nyuroni moja ya gamba la ubongo huweza kuwa na maelfu yake.

Ujenzi huanza tumboni

Nyuroni nyingi za gamba la ubongo hutengenezwa kabla mtoto hajazaliwa. Zikishafika mahali pake, aksoni zake hurefuka na kutafuta washirika. Ncha ya aksoni husonga mbele kwa kufuata kemikali zilizotandazwa njiani: baadhi huivuta, nyingine huifukuza. Kwa njia hiyo nyuzi zitokazo kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hufika katika kituo kilicho katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi. Kutoka hapo nyuzi nyingine huendelea hadi upande wa kisogoni, kwenye gamba la kuonea. Aksoni inapogusa dendraiti ifaayo, protini za pande hizo mbili hushikana kama kifungo na tundu lake, kisha vifuko vya kemikali hukusanyika upande mmoja na vipokezi upande wa pili.

Hatua hii ya kwanza huongozwa zaidi na jeni, lakini jeni hazifanyi kazi yote. Uchunguzi wa wanyama umeonyesha kwamba retina hutoa mawimbi ya umeme yenyewe kabla macho hayajapokea mwanga wowote, na mawimbi hayo husaidia kuzipanga nyuzi zinazokwenda ubongoni. Ni kama fundi anayejaribu nyaya za nyumba kabla wenyeji hawajahamia.

Mtoto akizaliwa, ujenzi hushika kasi. Daktari wa neva za watoto nchini Marekani, Peter Huttenlocher, alizihesabu sinapsi kwa hadubini katika bongo za watu waliofariki wakiwa na umri mbalimbali. Aligundua kwamba katika gamba la kuonea sinapsi huongezeka kwa kasi kubwa kati ya mwezi wa pili na wa nne wa maisha, na hufikia kilele karibu na mwezi wa nane. Baada ya hapo hupungua polepole, hata mtoto anapofika umri wa miaka 11 hivi, takriban asilimia 40 ya sinapsi zilizokuwapo wakati wa kilele zimekwisha kuondolewa. Katika sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga mambo na kujizuia, kilele huchelewa zaidi na upunguzaji huendelea hadi ujana.

Kupungua huku si ugonjwa. Mkulima wa mahindi hutia mbegu tatu katika shimo moja, kisha miche ikichomoza hung'oa iliyo dhaifu ili iliyosalia ipate nafasi na mbolea. Ubongo nao hupanda kwa wingi, kisha hupunguza. Swali la msingi ni hili: ubongo hujuaje mche upi ubaki na upi ung'olewe?

Kinachoimarisha na kinachoondoa

Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alitoa rai kwamba nyuroni moja ikishiriki mara kwa mara katika kuiamsha nyingine, uhusiano kati yao huimarika. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walichapisha ushahidi uliotokana na ubongo wa sungura: sinapsi zilizosisimuliwa kwa mfululizo wa haraka zilibaki na nguvu zaidi kwa saa nyingi baadaye.

Leo tunajua mengi kuhusu njia inayotumika. Katika sinapsi nyingi zinazosisimua, kemikali inayovuka ni glutameti, na ng'ambo hukuta vipokezi vya aina zaidi ya moja. Aina iitwayo AMPA hufunguka mara glutameti ifikapo. Aina ya pili, iitwayo NMDA, huwa imezibwa na chembe ya magnesi, nayo hufunguka tu mambo mawili yakitimia kwa pamoja: glutameti iwe imefika, na nyuroni inayopokea iwe tayari imeamshwa. Kwa hiyo kipokezi cha NMDA ni kama shahidi anayethibitisha kuwa pande zote mbili zimefanya kazi kwa wakati mmoja. Kikifunguka, madini ya kalsiamu huingia ndani ya seli, na kuingia huko huamuru vipokezi vipya vya AMPA viongezwe. Kivuko hupanuliwa, na ujumbe unaofuata hupita kwa urahisi zaidi.

Sinapsi ambayo ujumbe wake haulingani na kazi ya wenzake hupatwa na kinyume chake. Vipokezi hupunguzwa, kingo hunywea, na hatimaye kivuko hufungwa. Katika usafishaji huo hushiriki seli za kinga za ubongo ziitwazo maikroglia. Mwaka 2007 Beth Stevens na wenzake nchini Marekani walionyesha, kwa uchunguzi wa panya, kwamba baadhi ya protini za damu zinazotumika kuwatia alama bakteria ili waliwe na seli za kinga hutumika pia katika kuziondoa sinapsi zisizohitajika za ubongo unaokua. Baadaye ilionekana kwamba maikroglia ndizo zinazozimeza sinapsi hizo.

Kwa ufupi, jeni huchora ramani, lakini matumizi ndiyo yanayoamua barabara zipi zitiwe lami na zipi ziachwe ziote nyasi.

Jicho lililofungwa

Ushahidi ulio wazi kupita wote ulitoka kwa David Hubel na Torsten Wiesel, waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Harvard na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 walizifunga kope za jicho moja la watoto wa paka, kuanzia umri ambao macho hufumbuka, wakaziacha hivyo kwa wiki kadhaa. Walipozifungua, jicho lenyewe lilikuwa zima na retina iliitikia mwanga. Lakini katika gamba la kuonea, takriban seli zote ziliitikia jicho lililokuwa wazi tu. Jicho lililofungwa lilikuwa limepoteza vivuko vyake.

Mambo matatu katika uchunguzi wao yanamhusu moja kwa moja mhudumu wa afya. La kwanza, paka mzima aliyefungwa jicho kwa muda mrefu hakupata madhara hayo. La pili, kwa mtoto wa paka aliye katika wiki ya nne au ya tano, siku tatu au nne tu za kufungwa jicho zilitosha kuleta madhara. La tatu ndilo lililowashangaza wengi: macho yote mawili yakifungwa, madhara kwa gamba la kuonea hayakuwa makubwa kama ilivyotarajiwa. Maana yake ni kwamba jicho lililofungwa halinyauki kwa kukosa mwanga peke yake. Hushindwa pia katika mashindano. Nyuzi za jicho lililo wazi huamsha nyuroni mara kwa mara, huimarika, na huchukua nafasi iliyokuwa ya jirani yake.

Kalenda ya mtoto wa binadamu

Mtoto wa binadamu hukua polepole kuliko paka, lakini kanuni ni ile ile. Ukungu mzito wa lenzi hufanya kazi ya kope zilizofungwa. Ikiwa ukungu uko katika jicho moja, wataalamu hupendelea upasuaji ufanyike kabla mtoto hajapita wiki sita hivi za maisha, kwa sababu jicho zima limekwisha kuanza mashindano. Ikiwa uko katika macho yote mawili, muda ni mrefu kidogo, takriban wiki nane hadi kumi. Muda huo ukipita, kila mwezi unaoongezeka hupunguza kiasi cha uoni kinachoweza kupatikana, na macho huweza kuanza kuchezacheza bila kutulia, dalili kwamba ubongo umekosa picha ya kuushika.

Ukungu si sababu pekee. Mtoto mwenye makengeza hupokea picha mbili zisizolingana, na ubongo wake huamua kulipuuza jicho moja. Mtoto ambaye jicho moja linahitaji miwani yenye nguvu kuliko la pili hupata picha moja safi na nyingine yenye ukungu, na mashindano huishia pale pale. Hali hii, ambapo jicho huonekana zima lakini ubongo umeacha kulisikiliza, hujulikana kitaalamu kama ambliopia. Mara nyingi haina maumivu wala wekundu, na mtoto halalamiki, kwa kuwa hajui kuona kwingine.

Je, mlango hufungwa kabisa?

Hapana, na jambo hili ni muhimu kwa wazazi waliochelewa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini ubongo haukauki kama samaki. Uwezo wake wa kubadilika hupungua kwa hatua, kadiri nyuroni za kutuliza zinavyokomaa na kadiri wavu wa protini unavyozizunguka baadhi ya nyuroni na kuzishikilia katika umbo lake.

Nchini India, mradi uitwao Prakash, ulioanzishwa na mwanasayansi Pawan Sinha, umewafanyia upasuaji watoto na vijana waliozaliwa na mtoto wa jicho na kukaa miaka mingi bila kuona. Wengi hawakupata uoni mkali kama wa wenzao. Hata hivyo walijifunza kutambua vitu, kutembea bila kuongozwa, na baada ya miezi kadhaa kuunganisha wakionacho na wakigusacho. Kwa mtu aliyekuwa akishikwa mkono kwenda kisimani, hayo si madogo. Kwa hiyo mtoto mkubwa asirudishwe nyumbani kwa hoja kwamba muda umepita. Apelekwe, apimwe, na wazazi waelezwe kwa ukweli kinachoweza kutarajiwa.

Kwa ambliopia itokanayo na makengeza au tofauti ya miwani, matumaini ni makubwa zaidi. Tiba hutumia kanuni ile ile ya mashindano, safari hii kwa faida ya jicho dhaifu: mtoto hupewa miwani ifaayo, kisha jicho lenye nguvu huzibwa kwa saa fulani za siku ili dhaifu lipate zamu yake. Majaribio makubwa yaliyofanywa Amerika ya Kaskazini na kuchapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba, kwa watoto wa chini ya miaka saba wenye ambliopia ya kiasi, kuziba saa mbili kwa siku kulileta nafuu sawa na kuziba saa sita. Mwaka 2005 ilionekana kwamba hata baadhi ya watoto wa miaka saba hadi 17 hupata nafuu. Saa za kuziba hupangwa na mtaalamu. Mzazi asizibe jicho la mtoto kwa kukisia, kwa kuwa jicho zima likizibwa kupita kiasi nalo huweza kudhoofika.

Kwa mhudumu wa afya

Ratiba ya chanjo nchini Tanzania humleta mtoto kliniki anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ratiba hiyo haikupangwa kwa ajili ya macho, lakini inaangukia katika wiki zile zile ambazo gamba la kuonea linajengwa. Kwa hiyo:

1. Tazama macho ya kila mtoto kabla hajaruhusiwa kutoka wodi ya wazazi. Kwa ofthalmoskopu, katika chumba chenye giza kiasi, mboni zote mbili zitoe mng'ao mwekundu au wa rangi ya chungwa, na mng'ao huo ulingane pande zote mbili.

2. Rudia katika wiki ya 6, na usisubiri ziara hiyo kama una shaka mapema zaidi. Mtoto aliyeonekana na ukungu katika wiki ya 6 amebakiwa na siku chache. Rufaa iandikwe siku hiyo hiyo.

3. Mng'ao mweupe huweza pia kuwa dalili ya saratani ya retina iitwayo retinoblastoma, ambayo huhatarisha si jicho tu bali na uhai. Kwa sababu hiyo mboni nyeupe ni dharura hata kwa mtoto aliyekwisha kupita umri wa wiki zilizotajwa.

4. Mweleze mzazi kwamba upasuaji ni mwanzo wa tiba. Picha isiyo safi haijengi sinapsi. Mtoto atahitaji miwani au lenzi, pengine kuzibwa jicho, na kuhudhuria kliniki kwa miaka.

5. Uliza kuhusu chanjo. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, aligundua kuwa mama akiugua rubela katika ujauzito mtoto huweza kuzaliwa na mtoto wa jicho. Tanzania imekuwa ikitoa chanjo ya surua na rubela tangu mwaka 2014. Kila dozi inayotolewa leo huyalinda macho ya watoto wa kesho.

Kwa mzazi na mlezi

Mtoto wa miezi mitatu anapaswa kukutazama usoni na kuufuata uso wako unaposogea. Mpeleke kituo cha afya, bila kungoja siku ya kliniki, ukiona doa jeupe ndani ya mboni, ukiona jicho moja linang'aa jeupe katika picha ya simu iliyopigwa kwa flashi, ikiwa macho yanachezacheza bila kutulia, ikiwa makengeza hayaishi baada ya miezi minne hadi sita, au mtoto analia kila anapofunikwa jicho moja lakini hajali likifunikwa la pili. Usitie dawa ya miti, maziwa ya mama wala kitu kingine chochote jichoni. Haviondoi ukungu wa lenzi, na vinaweza kuleta maambukizi na kuchelewesha tiba.

Bibi au jirani akikwambia mtoto ni mdogo mno kupasuliwa, umjibu kwa heshima kwamba ndiyo sababu hasa ya kuharakisha. Daktari wa usingizi na daktari wa macho wa watoto watapima hatari ya upasuaji na kuchagua siku ifaayo, lakini hawawezi kukurudishia wiki zilizopotea kabla hujafika kwao.

Hitimisho

Yaliyosemwa kuhusu jicho yana ndugu zake katika sikio, katika lugha na katika mapenzi ya mlezi: kila sehemu ya ubongo ina msimu wake wa kupanda na wa kupunguza miche, na kila moja hungoja kitu cha kuitumia. Jicho limetupa mfano ulio wazi kwa sababu mlango wake unaonekana. Mhudumu mwenye tochi na dakika moja anaweza kuuchungulia, na akiona kwamba hauko sawa, akaandika rufaa kabla mama hajarudi nyumbani.